Re: Maumivu ya kifua, kila daktari na lake

Pole sana dada. Umesema kifua kinakuuma, daktari wa kwanza kakwambia ni vidonda vya tumbo, wa pili moyo, wa tatu wasiwasi, na ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) imetoka safi. Nayajua hayo, nimeishi nayo miaka.

ECG iliyopigwa ukiwa umelala, huna maumivu, haitoshi kuuondoa moyo kwenye hesabu. Ulizia eko (ultrasound ya moyo), na kile kipimo cha kutembea kwenye mashine. Halafu sisi wanawake, mishipa mikubwa ya moyo inaweza kuonekana mizima kumbe shida iko kwenye ile midogo isiyoonekana vizuri kwenye picha za kawaida. Mtajie daktari hilo.

Kilichonisaidia mimi ni daftari. Mfano: "Asubuhi, nimepanda ngazi na ndoo ya maji, kifua kimebana, nilipokaa kikaachia." Hapo daktari ana pa kuanzia. Maumivu yanayokuja ukilala baada ya kula huelekea kwenye asidi ya tumbo. Yakiamka ukibonyeza pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kifua, mara nyingi ni misuli au gegedu, ingawa hiyo peke yake haiufuti moyo.

Majibu yote yaweke faili moja, mpelekee bingwa mmoja wa moyo ayasome yote, na usimfiche kwamba wenzake wamepingana.

Ila yakibana zaidi ya dakika chache, au yakapanda tayani au mkononi, jasho la baridi, pumzi inakata, nenda dharura saa hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.