Zawadi isiyonuka chaki

Wiki hii mhariri ametuuliza tutampa nini mpenzi wa vitabu katika sikukuu za mwisho wa mwaka, na sisi wenyewe tutasoma nini likizoni. Anayejulikana kwa kupenda vitabu hana taabu, kwa sababu ukimwuliza atakutajia hapo hapo kitabu anachokitafuta. Mimi napenda kumjibia mwingine, ambaye hapa Dar es Salaam hakosekani katika ofisi wala katika ukoo: yule aliyesoma riwaya na tamthiliya zote alizotakiwa kuzisoma hadi kidato cha nne, na tangu alipotoka kwenye chumba cha mtihani wa Kiswahili hajafungua tena kitabu cha hadithi. Huyo naye alikuwa mpenzi wa vitabu, ila mapenzi yake yalikatishwa na maswali.

Anayetaka kuona yalivyokatishwa na aende kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wale wanaopanga bidhaa zao chini kandokando ya mitaa ya Posta, achukue riwaya yoyote iliyopita shuleni. Atakuta muhuri kwenye ukurasa wa kwanza, kisha pembezoni maneno ya penseli: dhamira, mgogoro, tashbiha, na jina la mhusika limezungushiwa duara, mbele yake pameandikwa “si mfano wa kuigwa”. Niliwahi kununua nakala ambayo mwenyewe alipigia mstari karibu kila sentensi hadi kiasi cha theluthi ya kitabu, na kurasa zilizosalia zilikuwa safi kabisa. Nadhani hapo ndipo alipopata kitini cha uchambuzi.

Kwa hiyo sharti langu ni kwamba kitabu cha zawadi kisinuke chaki. Usimpe mtu huyu riwaya aliyoisomea mtihani, hata kama wewe unaihesabu kuwa bora kuliko zote, na usimpe kitabu ambacho kazi yake ni kumrekebisha. Nasema hivi nikijua kwamba meza za mbele katika maduka yetu mengi zimejaa vitabu vya hamasa, vya namna ya kutajirika na kuamka alfajiri, na kwamba mwezi wa Desemba watu huvinunua kwa nia njema kabisa. Lakini ukimpa shemeji yako kitabu cha namna ya kufanikiwa maishani, umekwisha kumwambia jambo ambalo hukukusudia kulisema mbele ya pilau.

Mimi ningempa Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960, na ndiyo iliyotuletea Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja asiyeachana na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mahali pa mizimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Msomaji aliyekaa miaka mingi bila kitabu anahitaji sababu ya kufungua ukurasa unaofuata, na hamu ya kumjua muuaji ni sababu ya kutosha. Wapo wataalamu wanaoziita hadithi za namna hii riwaya pendwa kwa sauti ya kuzishusha, lakini Kiswahili cha mazungumzo ya Bwana Msa, kilivyojaa utani na hoja zinazopangwa polepole, ni kitamu kuliko cha vitabu vingi vinavyosifiwa kwa uzito wake. Aliyekuwa kijana katika miaka ya 1980 mtafutie wapelelezi wengine wa riwaya, Joram Kiango wa Ben Mtobwa au Willy Gamba wa Elvis Musiba, ukibahatika kuwaona. Atakueleza mwenyewe aliwasoma wapi na alimficha nani.

Kwa mwenzako wa kazini anayesoma vitabu vya Kiingereza tu, chukua Peponi. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi tulipongeza kabla ya kusoma. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, ndiyo hiyo Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa mwaka 2022 na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapa hapa Dar es Salaam. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na baadaye anafuata msafara wa biashara hadi bara. Mazungumzo ya wafanyabiashara na wapagazi yanasomeka kana kwamba yamerudi kwao.

Wazee ningewapa Maisha Yangu cha Shaaban Robert, ambamo tenzi alizowaandikia watoto wake zimo, na ambacho mjukuu anaweza kumsomea bibi kwa sauti jioni bila yeyote kuchoka. Watoto wapewe chochote chenye picha na hadithi, mradi nyuma hakina mazoezi.

Andika jina la unayempa na mwaka kwa wino, ili atakayekiazima aone haya kidogo. Baada ya hapo usimwulize amefika ukurasa wa ngapi.

Na mimi nitasoma nini? Ndani ya basi la Moshi sitasoma kitu, maana filamu itapigwa kwa sauti kubwa kuanzia stendi ya Magufuli hadi tunashuka. Nimejiwekea Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kitabu chembamba ambacho hakikubali kusomwa kwa pupa na ambacho nisingethubutu kumpa mtu niliyemweleza hapo juu. Nitakianza wageni wakishaondoka, na nikikimaliza kabla ya shule kufunguliwa nitaendelea na Mzingile, kilichokifuata mwaka 1991.