Mfumo wa maabara: nani anatafutwa, nani analipwa

Shikamoo. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kituo cha serikali. Mfumo wa kompyuta ukigoma naitwa mimi, lakini mshahara ni uleule. Kwa nini? (Buzuruga)

Marahaba. Serikalini mshahara hufuata muundo wa utumishi, yaani kada yako, elimu na daraja. Wewe umeajiriwa kama mteknolojia, na ujuzi wa mfumo peke yake haukupandishi daraja. Naona si haki, maana mfumo ukilala majibu ya wagonjwa nayo yanalala. Omba barua ya kukukabidhi jukumu hilo. Maabara inayotafuta ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, inatakiwa kuonyesha kwa maandishi nani anasimamia taarifa, kwa hiyo mkuu wako naye anaihitaji. Ukiomba kazi kwingine, barua hiyo ndiyo ushahidi wako.

Nimehitimu TEHAMA, niko mtaani. Nijifunze nini ili maabara wanihitaji? (Nyakato)

Jifunze kuunganisha mashine na mfumo. Wanaojua kompyuta ni wengi na wanaojua damu ni wengi. Anayeyajua yote mawili ni adimu, na huyo ndiye anayeweza kupatana bei.

Chukua kipimo cha himoglobini, yaani wingi wa damu. Mashine imewekwa kusoma gramu kwa lita, inatuma 112. Fomu ya mfumo inasubiri gramu kwa desilita, ambapo jibu hilohilo ni 11.2. Asiyejua maabara ataona namba imeingia, atashukuru na kuondoka. Anayejua atashtuka, kwa sababu hakuna binadamu mwenye 112 kwa desilita.

Kwa hiyo soma SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, soma HL7 na ASTM, taratibu ambazo mashine nyingi hutumia kutuma majibu, na LOINC kwa misimbo ya vipimo. SENAITE na OpenELIS ni programu za mfumo wa maabara na ni za bure, zisimike kwenye laptopu yako. Kisha omba kujitolea mapokezi ya maabara, uone sampuli inavyosajiliwa, inavyokataliwa na jibu linavyothibitishwa. Ila usiondoke na taarifa za mgonjwa hata mmoja kwenye flashi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inakuhusu.

Ni kweli miradi ya wafadhili inalipa zaidi? (Ilemela)

Mara nyingi ndiyo, lakini kwa mkataba mfupi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu wa takwimu na mifumo walirudi nyumbani ghafla. Kabla ya kusaini uliza fedha ni za nani, zinaisha mwezi gani, na kama kuna bima na kiinua mgongo.

Binti yangu hapendi hospitali. Ujuzi huu una kazi kwingine? (Sengerema)

Upo, mama. Nyegezi, Mwanza, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na Geita dhahabu hupimwa kila siku. Huko kiwango cha ubora ni ISO 17025, na mfumo unafuata shehena badala ya mgonjwa.

Kwenye usaili nitaje kiasi gani? (Nyamanoro)

Waulize kwanza wametenga kiasi gani, na kama ni kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida inachukua asilimia 10 yako, bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama unadaiwa, na kipato kinachotozwa kodi kikizidi milioni 1 kwa mwezi, ziada yake inakatwa asilimia 30. Piga hesabu ya kitakachoingia benki, kisha ndipo utaje.