Shangazi, nilipata homa usiku nikameza panadol nikanyamaza

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwa wasomaji wengine, aliyeandika ni dada wa miaka 31, fundi cherehani wa Mbagala, ana saratani ya damu. Kamaliza dripu zake za kwanza za dawa za saratani, ile dawa nyekundu siku 3 na nyingine siku 7, sasa yuko nyumbani. Mdomo umejaa vidonda, nywele zinabaki kwenye mto, chakula kikinukia tu anatapika, na mama mkwe anamletea maji ya mlonge na mwarobaini. Halafu mwisho kabisa, kama kitu kidogo tu, kaandika: "Juzi usiku nilitetemeka nikapata homa kali, sikutaka kumwamsha mume wangu ameshatumia hela nyingi sana kwangu, nikameza panadol nikajifunika, asubuhi nikawa sawa. Shangazi, niache tu hizi dripu?"

Naanza na hiyo homa maana ndo iliyonikosesha usingizi. Hizo dawa zinaua seli zinazozaliana haraka, za saratani na zako nzuri pia, ndo maana mdomo, tumbo na nywele vinaumia, na ndani ya mifupa kule kwenye uboho damu inapotengenezwa kunakauka kwa muda. Wiki za kwanza baada ya dripu seli nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zinashuka sana, yani mwili hauna askari, kwahiyo kijidudu ambacho mimi kingenipa mafua tu wewe kinaweza kukuondoa ndani ya masaa. Na panadol haiui kijidudu, inashusha joto tu, unajiona umepona kumbe kinaendelea. Wala usiseme ni malaria ukaenda duka la dawa kununua mseto kama tulivyozoea huku mtaani. Nunua kipimajoto, ikisoma 38 au zaidi ni hospitali hapo hapo hata kama ni saa nane usiku, na ukitetemeka nenda hata kama haijafika. Ukifika mapokezi sema kwa sauti "niko kwenye dripu za saratani ya damu na nina homa" ili usikalishwe kwenye foleni. Hela ya bajaji itengeni kabisa muiweke pembeni, usipande bodaboda, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini ukianguka damu haikatiki vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo usimeze diclofenac wala aspirini.

Na leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda. Usisubiri tarehe ya kliniki, waambie ya juzi usiku wakupime damu.

Nakusisitiza hivi kwa sababu nimemuuguza mdogo wangu kwa dawa za aina hii. Daktari akimuuliza unajisikiaje anajibu namshukuru Mungu daktari, tukifika nyumbani analia hadi anapitiwa na usingizi. Wiki tatu alitapika bure, siku niliyomsemea mimi akaandikiwa dawa nyingine ya kichefuchefu ya kumeza kabla ya dripu na akaanza kula. Wiki tatu mwanangu! Madaktari wanajua dawa zao zinaumiza, wanasubiri useme wapi. Tena dripu ikiingia ukasikia mkono unaunguza au unavimba, ita nesi sekunde ile ile usivumilie, ile nyekundu ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama.

Mdomo, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua mara 4 au zaidi kwa siku, mswaki uwe laini kabisa, ndimu na pilipili viache kwanza. Ukishindwa kumeza hata maji, hilo nalo ni la hospitali. Harufu ikikusumbua usikae jikoni, kula chakula kilichopoa, kidogo kidogo. Kachumbari na juisi ya miwa ya barabarani acha hadi seli za damu zipande. Mkojo kuwa mwekundu siku ile ya dawa nyekundu ilikuwa rangi ya dawa, lakini ukiwa mwekundu sasa hivi sema. Nywele zitaota tena, najua zinauma kuzitazama pale kwenye mto, ukitaka nyoa zote ufunge kilemba.

Mama mkwe usimgombeze, anakupenda. Mwambie, mama, daktari kakataza dawa yoyote nyingine kwa sasa maana ini langu limebeba mzigo, naomba unipikie mtori. Tena mpe yeye kipimajoto akupime asubuhi na jioni, atafurahi kuwa na kazi.

Kuacha, hapana. Saratani ya damu haitakusubiri upumzike. Mwili ukichoka daktari ndo atasogeza tarehe hadi seli za damu zipande. Kuhusu hela, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, mume wako aende akaeleze hali yenu wazi bila aibu.

Na yeye mwamshe mwanangu. Mwonyeshe barua uliyoniandikia mimi, hasa ule mstari wa homa, halafu mtafute bajaji muende.