Kwa dada aliyeuliza: jina langu halimo kwenye hati hata moja, tukiachana napata nini?

Dada, umesema mumeo ana nyumba tatu za kupangisha Nkuhungu, viwanja Nzuguni, malori mawili, mashine ya kukamua alizeti Singida na shamba la zabibu Mpunguzi, na wewe huonekani kwenye karatasi yoyote. Wengi wamekujibu "nusu kwa nusu, usihangaike". Mimi nimepita huko, hapa hapa Dodoma, na mwenzangu, mume niliyeachana naye, alikuwa mnunuzi wa mahindi Kibaigwa kabla hajafungua kiwanda chake cha alizeti. Hiyo nusu haiji yenyewe. Kabla hujataja asilimia, kaa chini uandike orodha: mali gani, iko wapi, ilipatikana lini, kwa fedha ya nani, inadaiwa kiasi gani.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mahakama inagawa mali iliyopatikana kwa nguvu za pamoja. Hakimu anaangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishapima hayo ndipo anaelemea kwenye usawa. Kwa hiyo usawa unakuja mwishoni, baada ya mengine yote. Na jina kwenye hati ni dhana tu kwamba mali ni ya mwenye jina. Inapingika, ila anayepinga ni wewe, na ushahidi uutoe wewe.

Watu humu wanapenda kutaja kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ni kweli, na ndiyo inayotusaidia mpaka leo. Wasichokwambia ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu kwenye nyumba waliyokuwa wanagombania: mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, akazitapanya, mahakama ikaona fungu lake alishalimaliza. Kanuni iko upande wako, lakini mwenendo wako na fedha za familia nao utawekwa mezani.

Kwangu mimi kilichobeba kesi ni kaunta buku moja. Tulipokuwa tunajenga Ilazo, mwenzangu alikuwa barabarani na mahindi, mimi ndiye niliyesimamia. Kila jioni niliandika: mchanga tripu mbili, boza la maji moja, fundi na saidia fundi wamelipwa, saruji mifuko kadhaa, pembeni nimebana risiti kwa pini. Jalada lina doa la mafuta ya alizeti mpaka leo. Wakili wake aliponiuliza nilichangia shilingi ngapi, nilimpa hakimu lile daftari. Akafungua katikati, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, kisha akamuuliza mwenzangu kama huo ni mwandiko wake. Kimya. Wewe tafuta vya kwako: risiti, meseji za miamala ya simu, taarifa za benki, fundi aliyekuwa anapokea hela mkononi mwako, wapangaji waliozoea kukulipa kodi wewe.

Sasa hiyo mashine ya Singida. Uliza kwanza ni ya mumeo au ya kampuni. Kama ni ya kampuni, mahakama haiwezi kung'oa mashine ikakupa; kinachogawika ni hisa zake. Taarifa za kampuni, wanahisa na wakurugenzi, zinaombwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Kwetu tuligundua shemeji yangu mmoja alishaingizwa kwenye hisa. (Huyo huyo ndiye aliyesema kwenye kikao cha ukoo kwamba ng'ombe wa mahari walishamaliza hesabu yangu. Haya.) Ndiyo maana sikung'ang'ania hisa: kuwa mwanahisa mdogo kwenye kampuni inayoongozwa na mtaliki wako ni kusubiri gawio lisilokuja.

Madeni yasikupite. Malori ya mkopo yanaonekana utajiri pale yanapopaki, lakini mkopo ulioendesha maisha ya familia unapunguzwa kwenye hesabu yenu wote. Thamani nayo, tafuta mthamini aliyesajiliwa. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, viwanja vya huku vimepanda sana, na upande wa pili utakuja na karatasi za bei ya kununulia enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani iliyokuwa ikigawa viwanja vya Dodoma. Usikubali hesabu ya namna hiyo.

Nyumba mnayoishi haiuzwi, haiwekwi rehani wala haigawiwi mtu bila ridhaa yako, kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa, na una haki ya kuiwekea zuio kwa msajili wa hati. Hilo lifanye mapema, hata kabla hujampa mtu yeyote taarifa. Halafu ndipo uende baraza la usuluhishi la ndoa, maana bila cheti chao kwa kawaida mahakama haipokei maombi ya talaka, na cheti chenyewe kisizidi miezi sita.

Sisi hatukufika hukumu. Baada ya lile daftari wakili wake mwenyewe aliomba tukae nje tuzungumze. Yeye alichukua kiwanda, malori na madeni yake. Mimi nyumba ya Ilazo na kiwanja kimoja, na tofauti akanilipa kwa awamu. Makubaliano yakaandikwa, yakasajiliwa mahakamani yawe amri, maana ahadi ya mdomo ya mtu mwenye hasira huwezi kumlazimisha aitekeleze popote. Ndugu zangu walinicheka kwamba nimeacha kiwanda. Kodi ya nyumba inaingia kila mwezi.

Kuhusu zabibu za Mpunguzi: umesema shamba alirithi kwa baba yake kabla hajakuoa. Hilo ni lake, isipokuwa kama wewe, au ninyi wawili pamoja, mliliboresha kwa kiasi kikubwa mkiwa kwenye ndoa. Una risiti za nguzo, nyaya, miche au pampu ya kisima, liingize kwenye orodha. Kama ulikuwa unakwenda kuvuna tu msimu ukifika, liache, nguvu zako zipeleke Nkuhungu.