Jibu: Hati ya vichujio vya mtandao vya mashine pepe (libvirt/KVM), iandikwe vipi anayekuja asipotee

Salaam wakuu. Kwa waliochelewa: ndugu yetu wa Chumbageni ana seva moja ya Linux yenye KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) na mashine pepe sita, vichujio vya mtandao kaviweka kwa libvirt (programu inayozisimamia mashine hizo), na kaandika kurasa mbili za maelezo. Kijana aliyepokea zamu kazisoma, kaongeza mlango wa 8443 kwenye mashine ya hesabu, na tangu hapo hakuna anayeifikia. Ndugu yetu anauliza hati imekosea wapi, maana XML yenyewe (faili lenye kanuni za kichujio) ilikubaliwa bila kosa lolote.

Mkuu, nimeisoma hati yako. Imeeleza ulichokusudia. Kiolesura kinavyofanya kazi hukukieleza, na nusu ya tabia ya nwfilter (sehemu ya libvirt inayochuja mtandao) haimo kwenye mistari uliyoandika, imo kwenye ile uliyoacha wazi. Kijana alisoma `direction='in'` akaelewa "inaingia kwenye seva", akaona umekosea, akakurekebishia kuwa `out`.

Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa hati uwe huu: `in` na `out` husemwa na aliyekaa ndani ya mashine pepe. `in` ni paketi inayoingia kwenye mashine pepe, `out` inayotoka humo, `inout` pande zote. Ni kama pantoni ya Pangani: "ng'ambo" ya aliyesimama mjini ni Bweni, na ng'ambo ya aliyesimama Bweni ni mjini. Usiposema umesimama wapi, neno halina maana.

Na usiishie hapo, kwa sababu mtu akienda kukagua kwa `ebtables -t nat -L` (ebtables ni chombo cha Linux cha kuchuja tabaka la 2, ngazi ya kadi za mtandao iliyo chini ya IP) atakuta majina yamegeuka. Mnyororo (orodha ya kanuni) unaoitwa `libvirt-I-vnet3` una kanuni zako za `out`, `vnet3` ikiwa ni kadi ya mashine pepe inavyoonekana kwenye seva, na `libvirt-O-vnet3` una zile za `in`. Huko chini anayezungumza ni kompyuta mwenyeji, yaani seva yenyewe, na kwake paketi iliyotoka kwenye mashine pepe ndiyo inayoingia. Upande wa iptables (chombo cha kuchuja ngazi ya IP) ni vilevile: `FI-vnet3` ni zinazotoka kwenye mashine pepe, `FO-vnet3` ni zinazokwenda kwake, na `HI-vnet3` ni zile zinazomlenga mwenyeji mwenyewe. Chora jedwali dogo la safu mbili, neno la libvirt huku na jina la mnyororo kule. Litaokoa simu nyingi za usiku.

Sasa sehemu za kanuni. Kwa kila sifa andika jina, thamani zinazokubalika, na inakuwaje isipoandikwa. `action` ina thamani tano: accept, drop, reject, return na continue. Mbili za mwisho zitakuhusu ukianza kutengeneza minyororo yako, kwa sasa zitaje tu. Ila `reject` iwekee angalizo: kwenye kanuni za tabaka la 2 hugeuka kuwa `drop` kimyakimya, kwani huko hakuna ujumbe wa kukataa unaorudishwa. `priority` ni kuanzia -1000 hadi 1000, ndogo hutangulia, na usipoandika ni 500. Kanuni yako ya kufunga yote ipe 1000 waziwazi, usitegemee kwamba imeandikwa mwisho.

Kwenye hizi namba hati nyingi husema "usibadilishe" bila kutoa sababu, na mtu akikatazwa bila sababu atabadilisha. Chapa `virsh nwfilter-dumpxml clean-traffic` uangalie kichujio hicho kinachokuja tayari na libvirt. Kuna kanuni ya `accept` ya IPv4 inayotoka, namba yake -650. Si namba ya kubahatisha. Kichujio cha `no-ip-spoofing` kina mnyororo wake wenye -710, kwa hiyo paketi hukaguliwa kwanza kama anwani yake ni halali, na ikipona ndipo inafika -650 na kuruhusiwa. Mtu akiinakili kanuni hiyo kwenye kichujio chake na kuipa -900, paketi inaruhusiwa kabla ya kukaguliwa, na ulinzi wa anwani za kughushi umekufa huku kila kitu kikionekana kizima. Hakuna atakayelalamika, kwa hiyo hakuna atakayejua. Kwa kumbukumbu, minyororo ya msingi ina namba hizi: stp -810, mac -800, vlan -750, ipv4 -700, ipv6 -600, arp -500, rarp -400. Ziweke kwenye hati.

Jambo jingine ambalo `clean-traffic` hakilitangazi: mwishoni kinaita `no-other-l2-traffic`, ambacho hutupa kila kisicho IPv4 wala ARP (itifaki ya kuulizia kadi yenye anwani fulani ya IP). Maana yake IPv6 imefungwa. Kama ofisi haitumii IPv6, andika "imefungwa kwa makusudi". Usipoandika, mwenzako atashinda siku nzima akitafuta hitilafu ambayo haipo.

Huu ni mfano wa kichujio kilichoandikwa ili kisomeke:

```
<filter name='ofisi-hesabu' chain='root'>
  <uuid>(usiiguse, tazama chini)</uuid>
  <filterref filter='clean-traffic'/>
  <rule action='accept' direction='in' priority='500'>
    <tcp dstportstart='443' comment='H-01'/>
  </rule>
  <rule action='accept' direction='in' priority='500'>
    <tcp srcipaddr='192.168.20.0' srcipmask='24'
         dstportstart='22' comment='H-02'/>
  </rule>
  <rule action='accept' direction='out' priority='500'>
    <udp dstportstart='53' comment='H-03'/>
  </rule>
  <rule action='drop' direction='inout' priority='1000'>
    <all comment='H-99'/>
  </rule>
</filter>
```

Angalieni hiyo `comment`. Maoni ya kawaida ya XML hayafai hapa, kwa sababu libvirt huandika upya faili zake ndani ya `/etc/libvirt/nwfilter/` na kila ulichoweka kati ya alama za maoni hupotea. Sifa ya `comment` hubaki, inabeba hadi herufi 256, na kwenye kanuni kama hizi za tcp na udp inaonekana hata kwa `iptables -L`. Mimi sijazi maelezo humo. Naweka namba tu, H-01, H-02, na hati inakuwa na aya moja kwa kila namba: nani aliomba, inaruhusu nini, inapimwa vipi. Kanuni isiyo na namba ni ya mtu aliyepitia mlango wa nyuma.

Majibu ya paketi hayahitaji kanuni yake. Kanuni za tcp, udp na wenzake hukumbuka muunganisho, kwa hiyo ukiruhusu `in` ya 443, jibu linatoka lenyewe. Liandikeni hili, la sivyo mtu ataongeza `out` "ili majibu yapite" na kufungua asichokusudia. Na kwa huo mfano wa juu, mashine haiwezi kupakua masasisho, kwani tcp 80 na 443 za kutoka hazimo. Ukizitaka, zipe namba.

Anwani za IP. Kwenye XML ya mashine pepe unaweka hivi:

```
<filterref filter='ofisi-hesabu'>
  <parameter name='IP' value='192.168.20.15'/>
</filterref>
```

Ukiacha `IP` wazi, libvirt haigomi. Inakaa kusikiliza, inashika anwani ya kwanza itakayoiona, na kuifunga mashine hapohapo. Hiyo ndiyo `CTRL_IP_LEARNING` ya `any`, chaguo-msingi. Mtu akija kubadili anwani ndani ya mashine, mtandao unakata mpaka kadi itolewe na kurudishwa, au mashine izimwe na kuwashwa. Ukiweka `dhcp`, inakubali anwani iliyotolewa na seva ya DHCP tu, na `DHCPSERVER` inataja seva ipi ya kuaminiwa, ila aliyejiwekea anwani kwa mkono atabaki kimya. Vigezo vingine ulivyobuni mwenyewe, ukivisahau mashine haiwaki kabisa. Bora hiyo, angalau inapiga kelele.

Hili la kufuata ndilo linalowachanganya hata wakongwe. `<tcp dstportstart='22'/>` na `<ip protocol='tcp' dstportstart='22'/>` zinafanana machoni lakini zinakwenda sehemu mbili tofauti. Ya kwanza inageuzwa kuwa kanuni ya iptables, inakumbuka muunganisho. Ya pili inakwenda ebtables na haikumbuki kitu. Na kanuni za iptables haziioni kabisa trafiki inayopita kwenye daraja (swichi pepe inayounganisha mashine pepe na kadi ya seva) mpaka kerneli, kiini cha Linux, iambiwe iipitishe huko. Tangu Linux 3.18 kazi hiyo ni ya moduli inayojitegemea, `br_netfilter`. Ikiwa haijapakiwa, au `bridge-nf-call-iptables` ni 0, kanuni zako zote za `<tcp>` ni mapambo. Zimo, zinaorodheshwa, hazizuii chochote. libvirt huweza kuacha onyo kwenye kumbukumbu zake, lakini nani anazisoma?

Umeme wetu tunaujua. Mtu alipakia moduli kwa mkono miezi mitatu iliyopita, umeme ukakatika usiku, seva ikawaka yenyewe, moduli haikurudi. Asubuhi kila kitu kinafanya kazi, tena vizuri mno, kwa kuwa hakuna kinachochujwa. Kwa hiyo hati iseme wazi: faili `/etc/modules-load.d/br_netfilter.conf` lenye neno `br_netfilter`, na faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` lenye `net.bridge.bridge-nf-call-iptables = 1`. Kipimo: `cat /proc/sys/net/bridge/bridge-nf-call-iptables`, jibu 1. Likikuambia njia hiyo haipo, moduli haijapakiwa. Na kama umewahi kushangaa mbona kwenye seva nyingine ilifanya kazi bila haya yote, tazama kama kuna Docker (programu ya kuendesha makontena) humo, maana huweza kuipakia moduli hii yenyewe. Docker hiyohiyo huweza pia kufunga FORWARD na kuzikatia mashine pepe mtandao, lakini huo ni uzi mwingine.

Kupima. Kila aya ya hati iwe na amri ya kupima na jibu linalotarajiwa, na hapa pana mtego wa tcpdump, programu ya kunasa paketi. Tuseme unapima kughushi anwani. Ndani ya mashine unaongeza 192.168.20.99, unapiga `ping -I 192.168.20.99 192.168.20.1`, na kwa mwenyeji unaangalia `tcpdump -ni vnet3 icmp`. Utaziona paketi zinapita moja baada ya nyingine, utasema kichujio hakifanyi kazi. Kinafanya. tcpdump huzinasa pale zinapotoka tu kwenye mashine, kabla daraja halijazigusa. Kwa trafiki ya `out`, sikiliza kwenye kadi halisi ya seva, tuseme `eno1`, au kwenye vnet ya mashine pepe nyingine inayolengwa. Kimya hapo ndicho ushahidi. Kwa trafiki ya `in` ni kinyume: sikiliza kwenye vnet yenyewe, kwa kuwa paketi hufika hapo ikiwa imeshachujwa. Na usiandike "vnet3" kwenye hati, namba hubadilika mashine ikiwashwa upya. Andika `virsh domiflist hesabu` na mwambie achukue jina litakalotoka.

Kuhusu kubadili: `virsh nwfilter-define faili.xml` inaanza kazi palepale kwa mashine zote zilizo hai zinazotumia kichujio hicho, hakuna kusubiri kuwasha upya. Watu hudhani wanaandaa kumbe wameshatekeleza. UUID (namba ya utambulisho ya kichujio) ni lazima ibaki ileile, ukileta jina lilelile na UUID mpya inakataa, kwa hiyo anza na `nwfilter-dumpxml` na uhariri nakala hiyo. `nwfilter-undefine` nayo hugoma kama kuna mashine inakitumia. Kujua nani anatumia nini, libvirt 4.5.0 ya 2018 na baada yake ina `virsh nwfilter-binding-list`. Mtu akifuta kanuni kwa `iptables -F`, sehemu ya vichujio vyako iliyo kwenye iptables imekwenda nazo. Washa upya `virtnwfilterd`, au `libvirtd` kwa mifumo ya zamani, itajengwa tena.

Kadi za aina ya `direct` (zinazopachikwa moja kwa moja kwenye kadi halisi ya seva) hazikubali `filterref`. Ni `network`, `bridge` na `ethernet` tu.

Kwa mashine ya hesabu iliyokwama: chukua dump, rudisha `in` kwenye 443, ongeza 8443 nayo ikiwa `in` na namba yake, define, kisha pima kutoka kompyuta ya ofisini, siyo kutoka kwenye seva yenyewe. Na hiyo hati mkuu, umesema iko kwenye wiki inayokaa ndani ya mashine pepe ya nne. Kichujio kikiifungia hiyo, hati imefungiwa nayo. Chapisha, tia kwenye bahasha ya plastiki kwa sababu ya unyevu wa bahari, ibandike ndani ya mlango wa kabati la seva.