Kifundo kimeteguka na mashindano ni wiki ijayo, je nichome sindano nikimbie?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni Mtanzania, miaka 34, naishi Sheffield huku Uingereza na nacheza orientiringi, zile mbio za msituni za ramani na dira. Siku 17 zilizopita nikiwa mazoezini mguu wa kulia uliingia kwenye shimo ukajipinda kwa ndani, kifundo kikavimba kama embe. Sasa uvimbe umepungua, natembea vizuri, na juzi nimekimbia kilomita 5 barabarani bila maumivu ila nilimeza ibuprofeni kwanza. Wiki ijayo ni Pasaka, kuna mashindano ya JK, yale makubwa ya orientiringi ya huku kila Pasaka, nimeshalipia siku zote nne na Jumatatu mi ndo namalizia rilei ya klabu, zile mbio za kupokezana. Kaka yangu wa Dar kanitumia ampuli za diklofenaki, anasema nichome moja kila asubuhi kabla ya mbio, nifunge bandeji ngumu, jioni nikande kwa maji ya moto. Itafaa? Au kuna dozi nzuri zaidi?

JIBU: Marahaba. Hapana, haitafaa, na dozi nzuri zaidi haipo. Ningeweza kuishia hapo ila swali hili silipati kwako tu mdogo wangu, nalipata kila wiki, leo kwa kijana wa ndondo, kesho kwa dada anayejiandaa na mbio za kilomita 21, na karibu wote wanaanzia palepale ulipoanzia wewe, kwamba siumwi tena kwa hiyo nimepona. Nimekuwa mfiziotherapia miaka mingi na hakuna sentensi iliyoniletea wagonjwa wa kujirudia kama hiyo.

Mguu ukijipinda kwa ndani kinachoumia kwanza mara nyingi ni ligamenti ya mbele upande wa nje, ile inayounganisha ule mfupa wa kinundu cha nje na mfupa wa chini yake. Maumivu na uvimbe vinashuka mapema, wiki mbili tatu mtu anatembea kama kawaida na anavaa kiatu chake. Ligamenti yenyewe siku ya 17 bado iko kwenye kujijenga, nyuzi mpya zipo lakini zimelala ovyo ovyo, hazijajipanga kubeba uzito wa mtu anayeshuka mlima kwa kasi, na kupanga huko kunaweza kuendelea kwa miezi. Halafu kuna kitu watu hawakijui kabisa na ndicho kinachoniuma zaidi, ndani ya ligamenti kuna vihisio vinavyoipa taarifa misuli ya pembeni ya muundi kwamba mguu unaanza kupinda, vuta haraka. Ligamenti ikichanika na hivyo vinaharibika. Kwa hiyo unabaki na kifundo kisichouma lakini kilichochelewa kujua kiko wapi, na ndo maana aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena kuliko ambaye hajawahi.

Sasa weka hicho kifundo kwenye mchezo wako. Barabarani unaona unapokanyaga, lami iko sawa, mguu unafanya kitu kilekile mara elfu tano. Msituni macho yako yako kwenye ramani, unahesabu kontua, ile mistari ya miinuko, unatafuta jiwe au shimo lililochorwa pale kwenye kituo unachotakiwa kupitia, na chini kuna mizizi, majani makavu yaliyofunika mashimo, matawi yaliyoanguka, majani ya porini yanayofika gotini. Hamna hatua mbili zinazofanana. Mkimbiaji wa ramani anategemea mguu ujirekebishe wenyewe bila yeye kutazama, yaani anategemea kitu hichohicho ambacho wewe kwa sasa huna. Ndo maana hizo kilomita 5 zako za lami, tena na ibuprofeni tumboni, hazijanijibu chochote. Umepima barabara, hujapima kifundo.

Pima hivi, leo, bila dawa yoyote tangu jana. Simama kwa mguu mmoja peku, fumba macho, hesabu mpaka 30, kisha fanya mguu mzima ulinganishe. Wengi wa siku ya 17 wanayumba kabla ya 10 wanacheka kisha wananyamaza. Halafu weka kidole gumba cha mguu umbali fulani kutoka ukutani, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, pima kwa rula, tofauti kati ya miguu miwili ikizidi sentimita 2 bado kifundo kimekaza. Simama mguu mmoja, nyanyua kisigino na kushusha mpaka uchoke, ukifika 25 mguu mzima na 14 ule ulioumia jibu unalo. Ukivuka hayo yote ndo urukeruke kwa mguu mmoja mbele na pembeni, ukimbie umbo la nane, na mwisho nenda kwenye uwanja wa nyasi mbovu ukimbie huku unasoma karatasi mkononi. Hilo la mwisho wachache sana wanalijaribu kabla ya kurudi mashindanoni na ndilo lenyewe linalofanana na mchezo.

Kabla ya yote hayo lakini, bonyeza mfupa. Siku ulipoumia uliweza kutembea hatua nne? Ukibonyeza kingo ya nyuma ya kile kinundu cha nje au cha ndani, sentimita 6 za mwisho, au pale mfupa unapotokeza ubavuni katikati ya wayo, au sehemu ya ndani juu ya upinde, kuna maumivu makali ya mfupa wenyewe? Hizi ni kanuni za Ottawa, madaktari wa Kanada walizitoa 1992 kusaidia kuamua nani apigwe eksirei. Ukijibu ndio kwenye kubonyeza mfupa, au hukuweza hizo hatua nne, nenda ukapigwe picha. Na kama maumivu yako yako juu zaidi, kati ya mifupa miwili ya muundi, na yanazidi ukizungusha wayo kwenda nje, hilo ni jeraha la aina nyingine linalochelewa zaidi kupona, usijitibu nyumbani.

Haya, sindano. Kaka yako anakupenda, simlaumu, lakini amekupa ushauri wa pembeni mwa uwanja. Diklofenaki haitibu ligamenti. Inapunguza maumivu na uvimbe, basi. Kwa hiyo ukichoma asubuhi unaingia msituni na kifundo kilekile dhaifu, sema sasa hata ile taarifa ndogo ya "hapa pameanza kuvuta" huisikii vizuri. Na maelekezo ya dawa yenyewe yanasema sindano hiyo isizidi siku mbili, kaka yako kakupangia nne, juu ya ibuprofeni ambayo sina uhakika kama ungeiacha, na hizo mbili ni dawa za familia moja, hazichanganywi. Ongeza jasho la mbio ndefu na maji machache uone figo zinavyobebeshwa mzigo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizi, mwenye tatizo la moyo, kwake ni hatari zaidi. Hapo ulipo hata vidonge vyake haviuzwi famasia bila cheti cha daktari tangu Januari 2015, sababu ikiwa ni moyo na mishipa ya damu. Sio urasimu huo.

Na nani angekuchoma? Rafiki? Wewe mwenyewe bafuni? Kwenye tako unapita neva mkubwa kabisa wa mguu, sindano ikikaa vibaya inaupiga. Nilishamwona kijana aliyechomwa na mtu wa duka la dawa mtaani kabla ya fainali ya kombe la mtaa, shida yake ilikuwa kifundo, alipokuja kwangu wayo haunyanyuki, anatembea akiburuta vidole. Tulifanya mazoezi miezi na miezi. Kombe lenyewe hakulicheza. Huwa namkumbuka kila nikisoma "dokta kuna dozi nzuri zaidi".

Bandeji ngumu nayo watu wanaipa sifa isiyokuwa yake. Tepu iliyofungwa na anayejua inasaidia kiasi, lakini ukikimbia nusu saa imeshalegea sana, na mbio yako ya Jumapili ni zaidi ya saa. Kifungio kizuri cha kifundo, kile cha kukaza kwa kamba kama kiatu, kinakaa muda mrefu zaidi, hicho nakikubali kwa aliyekwisha fanya mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, kama kinga ya ziada, sio badala yake. Krepu bandeji iliyokazwa mpaka vidole vinakufa ganzi haina kazi yoyote.

Maji ya moto siku za mwanzo yanazidisha uvimbe, saa hizi hayatakuua ila hayajengi kitu. Kinachonitia hasira ni wale wanaovuta na kuzungusha mguu uliovimba wakisema wanarudisha mshipa mahali pake. Hakuna mshipa uliohama ndugu zangu. Kuna ligamenti iliyochanika na mtu anaichana zaidi, na kama chini yake kuna mfupa uliovunjika ndo anaufungua. Mafundi wapo kila mji, siku hizi wako hadi kwenye simu wanakuuzia video ya "rudi uwanjani siku tatu" na chupa ya mafuta juu yake. Wapo pia wanaochoma steroidi karibu na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino kwa sababu maumivu yanaondoka haraka na mteja anasifia, kumbe kano hiyo inaweza kuja kukatika kabisa. Mtu akikuahidi siku kabla hajakugusa, hajakuuliza uliumiaje, hajakulinganisha na mguu wa pili, ondoka.

Nirudi kwako. Ijumaa ni sprinti, wengi wanadhani ni nyepesi kwa sababu ni mjini na ni fupi, lakini kona kali na ngazi kwa kasi yote ni mzigo mbaya kwa ligamenti ya upande. Jumamosi na Jumapili msituni ndo nimeshasema. Kama unataka uwepo, na najua unataka, JK huwa na kozi za rangi, rangi ikionyesha ugumu wake, za kujiandikisha siku hiyohiyo, chukua ya njano au ya chungwa inayofuata njia na mipaka, utembee, usikimbie hata mteremko ukikuita. Kaza akili kwenye kusoma ramani, wakimbiaji wengi wa mbio hupoteza dakika nyingi zaidi kwa kupotea kuliko kwa miguu. Beba filimbi na koti, mvua ya Pasaka kilimani huko sio ya Tanga, na kifundo kikikataa piga filimbi mara sita, pumzika dakika, rudia. Na hata ukiacha njiani lazima upite mwishoni isomwe chipu yako, kile kifaa kidogo kinachorekodi vituo ulivyopita, vinginevyo watu wataingia msituni usiku kukutafuta.

Baada ya hapo fanya mizani kila siku, dakika 10 zinatosha, mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha macho kufumba, kisha kwenye mto. Wiki sita hivi ukifanya kweli, nitumie matokeo ya vile vipimo tuongee kuhusu mashindano ya kiangazi.

Kapteni wa rilei mpigie leo. Sio Jumapili jioni. Akijua leo ana muda wa kupata mtu wa kumalizia, akijua Jumapili wenzako wawili waliokimbia vizuri watakusubiri kwenye mstari na wewe utachechemea kwa aibu au utakimbia kwa aibu, na hilo la pili ndo litakalokuleta kwangu.

Ampuli usizitupe kwenye taka na usimpe mwenzako wa klabu mwenye mgongo, zipeleke famasia yoyote iliyo karibu nawe, wanazipokea bila kukuuliza maswali mengi.