Shija Anadaiwa na Nani?

SWALI: Naandika hadithi ya mizimu. Mhusika mkuu ni Shija, mtoto wa pekee, umri miaka 20, anaishi Ujiji. Baba yake ni Mnyamwezi wa Urambo, mama Mmanyema. Nguvu zake anazirithi kwa bibi mzaa mama, aliyeletwa na misafara ya pembe na watumwa. Rafiki yangu amenishauri nimpe alama ya kuzaliwa mgongoni, iwake akikasirika. Je, inatosha kuonyesha asili yake? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Haitoshi, mdogo wangu, na huyo rafiki mnywesheni chai lakini mswada msimpe. Hapa Tabora naletewa hadithi za namna hii bila kukoma: bibi anakufa, alama inawaka, kesho yake binti anapiga watu radi. Waandishi wamejiaminisha kwamba asili ni damu na damu ni nguvu. Nani aliwaambia?

Huku Unyamwezini mizimu haijulikani kwa kugawa nguvu. Inajulikana kwa kudai. Mtu anaugua haponi, mtoto hakui, watu wanakwenda kwa mfumu, yaani mganga, kupiga ramli, ndipo inabainika ni nani katika ukoo amesahauliwa na anataka nini: pombe, mbuzi, au jina lake apewe mtoto. Tena wanaodai hutoka kote kuwili, kuumeni na kuukeni. Hata Waswezi, wenye ngoma yao ya pepo, mtu huingizwa na kufundishwa, halali usiku akaamka fundi. Binti mwenye nguvu tangu sura ya kwanza hana kazi ila kushinda. Anayedaiwa ana la kuamua, na msomaji anamfuata kwa hilo.

Sasa jiulize ambalo sijamwona kijana akijiuliza: baba yake Shija alitoa mahari? Kwa mila ya Kinyamwezi, mahari ikitolewa watoto ni wa ukoo wa baba. Isipotolewa, ni wa ukeni. Niandikie shangazi wa Urambo na mjomba wa Ujiji wanagombania mgonjwa aliyelala chumba cha pili, mmoja anataka tambiko, mwingine hataki hata kulisikia, maana Wamanyema wengi ni Waislamu. Sura hiyo itatisha kuliko alama kumi za mgongoni.

Halafu umempa jina bila kulifikiria. Shija ni mtoto anayefuata mapacha, nawe umeandika ni wa pekee. Kulwa na Doto wako wapi? Walikufa? Mapacha kwetu hawapokelewi hivi hivi, wana ngoma yao na miiko yao. Ikiwa baba alikuwa safarini na mambo hayakufanywa inavyopaswa, hapo una hadithi nzima ambayo hukuiona ingawa umeiandika mwenyewe.

Na hesabu miaka, tafadhali. Shija wa miaka 20 leo, bibi yake amezaliwa kwenye miaka ya 1950. Misafara ya kina Tippu Tip ni ya karne ya 19, na reli ilishafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bibi huyo amepanda treni, hakubeba pembe. Aliyeletwa ni mama wa bibi wa bibi yake, kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na makaburi ya wakubwa wake yalibaki huko. Wamanyema nao ni watu wa makabila mengi ya mashariki mwa Kongo waliokutanishwa chini ya jina moja. Basi mzimu wake unaweza kumdai Shija kwa lugha ambayo nyumba nzima ya Ujiji hakuna anayeielewa. Nani atafasiri? Hilo ningelisoma mpaka usiku wa manane.

Lakini kuna watu wanauza kanuni kwenye makundi ya WhatsApp: mteule, alama, bibi mchawi, sehemu ya pili tuma hela. Hawa ndio wananichosha, maana kanuni yao haiishi bila kikongwe mwenye macho mekundu. Nyinyi wa Kigoma mnajua mnavyotaniwa kwa uchawi, mnacheka, yanapita. Vikongwe hawacheki. Kanda hii, kuanzia Tabora hadi Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni na samadi, na mara nyingine nyuma ya panga kulikuwa na shamba la kurithi. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ila kwenye hadithi tunamtangaza bibi wa watu kwa kabila na kijiji chake, kisha tunaita ubunifu. Msomaji aliyeamini kwamba uchawi umo katika damu ya ukoo wa kike atamtazama mjukuu vilevile.

Mswada ambao kikongwe wa macho mekundu anachomwa moto na kijiji kinashangilia naurudisha nikiwa bado sijaumaliza, na mwenyewe asinipigie simu kuniuliza kwa nini.